Kwa Mhariri: Uloto wa mtoto wa selimundu hauhitaji kuoteshwa

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya wa Jumamosi iliyopita ulibeba kichwa cha habari kisemacho kwamba bangi yaotesha seli shina, yaani zile seli mama zinazozaa seli nyingine mwilini. Chini yake mliweka picha ya jani la kijani na picha ya mtu aliyevaa koti jeupe akichungulia darubini. Habari yenyewe nimeisoma na kuirudia nikitafuta mambo matatu tu: seli shina zipi, za nani, na zimeoteshwa kwa dawa gani. Sikuyaona. Nilichoona ni "wanasayansi wamegundua" na "matumaini mapya".

Kufikia Jumapili jioni picha ya ukurasa huo ilikuwa imezunguka kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wenye watoto wa selimundu, ule ugonjwa wa kurithi unaozipinda chembe nyekundu za damu kama mundu, hapa Morogoro. Binti wa dada yangu yumo humo. Akanitumia na ujumbe: "Mama mdogo, shikamoo. Wanasema haya matone ya bangi yanaotesha uloto. Nimeshaagiza. Ni sawa?" Swali limekuja baada ya fedha kutoka, kama ilivyo desturi yetu. Chupa yenyewe ilifika kwa basi kutoka Dar es Salaam, imefichwa ndani ya soksi. Ni chupa ya kahawia yenye mrija wa kudondoshea matone, haina jina la mtengenezaji, haina kiasi cha dawa wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino: "Seli shina, matone 5 × 2". Shilingi 85,000.

Mtoto anayekusudiwa kunyweshwa ni mwanawe, mvulana wa miaka tisa. Dada yake amepimwa na tishu zao zimelandana, jambo ambalo kwa ndugu wa baba na mama mmoja hutokea kwa mmoja kati ya wanne, kwa hiyo mnaweza kukisia vigelegele vilivyopigwa nyumba ile. Wanasubiri zamu ya kupandikizwa uloto. Ndiyo maana ninawaandikia kwa hasira kidogo, mnisamehe.

Mimi ni mtaalamu mstaafu wa maabara. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliitumia kwenye benchi la damu, nikipaka slaidi, nikizitia rangi na kuhesabu. Sikuwa daktari na sijifanyi daktari. Lakini uloto nimeuona kwa macho yangu, na bahati nzuri maabara hukufundisha kumuuliza kila anayekuletea majibu: sampuli imetoka wapi?

Tuanze na uloto basi, maana ndio uliouzwa kwenye ile chupa.

Ndani ya mifupa yetu, hasa nyonga, kidari, mbavu na pingili za mgongo, kuna uloto, na ndani ya uloto zimo seli shina chache sana ambazo huzaa damu yote: chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani. Watafiti Till na McCulloch, huko Toronto, walianza mwaka 1961 kuonyesha, kwa kutumia panya, kwamba seli moja ya namna hiyo inaweza kuzaa ukoo mzima wa seli za damu. Mtu mzima mwenye afya anatengeneza chembe nyekundu kiasi cha milioni mbili kila sekunde. Chembe hiyo ikishaingia kwenye mzunguko huishi siku 120 hivi. Ya mtoto wa selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo sababu macho yake yana umanjano, na wingi wa damu unaochezea 7 au 8 kwake ni siku ya kawaida.

Sasa uloto wa mtoto huyu haujalala. Unafanya kazi usiku na mchana kuziba pengo hilo, kiasi kwamba kwa baadhi ya watoto paji la uso hutokeza na mifupa ya mashavu hutanuka kwa kuwa uloto umedai nafasi zaidi. Nilipokuwa nikiangalia slaidi zao niliona chembe changa zenye kiini zimetolewa nje kabla ya wakati wake, kwa sababu uloto umeelemewa na oda. Halafu anakuja mtu na chupa ya kuuchochea uoteshe zaidi! Uoteshe nini? Tatizo la selimundu halihusu uchache wa seli shina. Liko kwenye maandishi yaliyomo ndani ya kila moja ya seli hizo. Herufi moja tu ya kinasaba cha beta-globini, sehemu ya hemoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, imebadilika, na kwenye mnyororo wa protini hiyo mahali pa sita panapotakiwa kukaa tofali liitwalo asidi ya glutamiki panakaa jingine, valini. Basi. Seli shina ikigawanyika hulinakili kosa hilo kwa uaminifu mkubwa. Ukiziongeza mara kumi, umejipatia kiwanda kikubwa mara kumi cha bidhaa ileile mbovu.

Mwandishi wenu angepiga simu moja tu kwenye kliniki yoyote ya selimundu angeambiwa pia kwamba dawa iliyowasaidia watoto hawa zaidi, haidroksiurea, kazi yake ni kinyume cha kuotesha. Inaupunguzia uloto kasi. Inashusha chembe nyeupe, na inaamsha ile hemoglobini ya kichanga tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama, ambayo haikubali kupinda. Watoto zaidi ya 600 walipewa dawa hii huko Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na matokeo yake yalipochapishwa 2019 yalionyesha maumivu yamepungua, kuongezewa damu kumepungua, malaria imepungua, na vifo vimepungua. Hao ni watoto wa Kiafrika, wa miji tunayoijua. Sikumbuki kuiona habari hiyo ikipewa picha kubwa kiasi kile kwenye ukurasa wa afya.

Tena kuna onyo ambalo watu wa benchi la damu wanalijua vizuri. Ipo sindano iitwayo filgrastimu. Inausukuma uloto utoe chembe nyeupe nyingi na kuzimwaga seli shina kwenye mzunguko wa damu. Kwa mchangiaji mwenye afya inatumika duniani kote ili seli zikusanywe kutoka mkononi badala ya kutoboa nyonga. Kwa mgonjwa wa selimundu sindano hiyohiyo imewahi kuamsha mashambulizi makali ya maumivu, na wapo waliokufa. Kwa hiyo hata ile tiba ya kurekebisha vinasaba iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, ambayo inahitaji kwanza seli shina za mgonjwa mwenyewe zitolewe, hutumia dawa nyingine kuzitoa. Kuchochea seli shina za mgonjwa wa selimundu ni jambo linalofanywa na wataalamu kwa tahadhari kubwa, vitanda na mashine vikiwa tayari. Anayelifanya kwa matone matano mara mbili kwa siku hajui alichokishika.

Hata hivyo habari yenu haikuokotwa hewani, na sitaki kumwonea mwandishi. Bangi na seli shina kweli zina jambo baina yao, na ni jambo la kuvutia sana kwa mtu wa fani yangu.

Kemikali kuu inayolewesha ndani ya bangi, THC, ilitambuliwa sawasawa mwaka 1964 na Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni nchini Israel. Ikachukua zaidi ya miaka ishirini kujua inagonga mlango gani mwilini. Mwaka 1988 Allyn Howlett na William Devane, huko St. Louis, walipata ushahidi wa kipokezi chake ndani ya ubongo. Mwaka 1992 Devane, wakati huo akiwa Israel na Mechoulam, akashiriki kuipata anandamidi, kemikali inayotengenezwa na mwili wetu wenyewe na kukaa kwenye kipokezi kilekile. Na mwaka 1993 kikapatikana kipokezi cha pili, CB2, ambacho hakikai sana ubongoni. Kipo kwenye bandama na kwenye chembe nyeupe za damu. Hapo ndipo watu wa damu walipoinua vichwa.

Mwaka 1997 Peter Valk, Ruud Delwel na wenzao wa Rotterdam walitangaza kwamba anandamidi ikiongezwa kwenye sahani ya maabara pamoja na kichocheo kingine cha ukuaji, seli za damu za panya hukua vizuri zaidi kuliko zikipewa kichocheo hicho peke yake. Baadaye, mwaka 2011, watafiti wa Marekani wakaonyesha kwamba kemikali zinazokiamsha kipokezi cha CB2 zinaweza kuzitoa seli shina za panya kwenye uloto na kuziingiza kwenye damu. Kichwa cha habari chenu nadhani kina asili yake humo. Kwenye sahani na kwenye panya, ndiyo, zimekua na zimetembea.

Lakini hebu tazameni hao wa Rotterdam walifikaje pale. Walikuwa wanachunguza saratani ya damu. Kwenye panya wao, kirusi kinacholeta saratani kilionekana kujichomeka mara kwa mara kwenye eneo moja la vinasaba, na walipochimba eneo hilo wakakuta kinasaba cha CB2. Kundi hilohilo likaendelea miaka iliyofuata na kuonyesha kwamba kipokezi hicho kikizidi kwenye seli changa za damu na kikaamshwa, seli hizo zinaweza kushindwa kukomaa kuwa chembe nyeupe kamili. Zinabaki changa. Mtu yeyote aliyewahi kuketi mbele ya slaidi ya mgonjwa wa lukemia anaujua uwanja uliojaa seli changa zisizotaka kukomaa. Mimi nikiuona nilikuwa nasimama, naenda kunywa maji, kisha narudi kuhesabu upya, nikiomba Mungu niwe nimekosea slaidi.

Hakuna anayesema matone yale yatampa mtoto lukemia, na msije mkaandika wiki ijayo kwamba bangi yaleta saratani ya damu. Nasema kwamba neno "kukua" likitokea kwenye karatasi ya utafiti wa damu, msomaji wa fani hii hashangilii moja kwa moja. Anauliza: zimekua na kukomaa, au zimekua tu?

Kichwa kama chenu kimewahi kutembea dunia nzima kabla. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Kanada, waliwachoma panya kemikali iitwayo HU210 na kukuta seli mpya zimeongezeka kwenye sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Magazeti yakapokea: bangi yaotesha ubongo. HU210 haimo ndani ya bangi. Ilitengenezwa maabara, Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, na ina nguvu maradufu nyingi kuliko THC. Mtu anayevuta msokoto nyuma ya stendi hajawahi kukutana na HU210 na namwombea asikutane nayo.

Siwadharau panya, jamani. Sisi wa Morogoro ndio wa mwisho kuwadharau: pale Sokoine wapo panya buku waliofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu, na wamewaokoa watu. Panya akiniambia makohozi haya yana vijidudu namwamini, kwa kuwa ameyanusa makohozi yenyewe. Panya ambaye seli zake za damu zilikuzwa kwa kemikali safi ya maabara hajaniambia lolote kuhusu chupa iliyokuja kwa basi ndani ya soksi.

Kwenye mifupa ni hivyohivyo, nitapita haraka. Mwaka 2015 Waisraeli walionyesha kwamba kanabidioli, ile CBD isiyolewesha, iliimarisha kiungio cha mfupa wa paja uliovunjika kwa panya, ilhali THC peke yake haikufanya hivyo. Mwaka 2017 watafiti wa Edinburgh walipowapima watu, wavutaji wazito wa bangi walikuwa na mifupa myepesi kuliko wasiovuta, na walivunjika zaidi. Mmea mmoja, mfupa uleule, habari mbili zinazopishana. Ni ipi mngeipa picha kubwa?

Sasa nifike kwenye jambo lililonikosesha usingizi.

Kupandikizwa uloto si geni tena kwetu. Mtoto wa kwanza kuripotiwa kupona selimundu kwa njia hiyo alitibiwa Memphis, Marekani, na habari yake ikachapishwa 1984. Alikuwa na lukemia pia, wakamtibu lukemia na selimundu ikaondoka. Leo Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma inawapandikiza watoto wetu. Utaratibu kwa ufupi ni huu: mtoto anapewa dawa kali za kuufuta uloto wake wa zamani, kisha seli shina za ndugu yake zinaingizwa kwa mshipa, kama mtu anayeongezewa damu. Halafu kusubiri. Wiki mbili, tatu, hata nne, mpaka uloto mpya ushike. Katika kipindi hicho mtoto hana chembe nyeupe za kumlinda. Ukimpelekea maua yanazuiwa mlangoni. Chungwa aliloshika shangazi linarudishwa. Hakuna utani.

Mwaka 1988 jarida la madaktari wa kifua la Marekani lilichapisha kisa cha mwanaume wa miaka 34 aliyekuwa amepandikizwa uloto kwa ajili ya lukemia. Upandikizaji ulikwenda vizuri. Siku ya 75 akaonekana ana maambukizi ya kuvu kwenye mapafu, aina ya Aspergillus fumigatus. Alikuwa amevuta bangi kwa wiki kadhaa kabla ya kulazwa. Madaktari wakaotesha maabara vilivyokuwamo kwenye ile bangi yake (naam, hapo ndipo bangi ilipootesha kitu) na kuvu lililoota likafanana kwa kila hali na lile lililotoka kwenye pafu lake. Wakampa dawa kali za kuua kuvu. Likasambaa mwili mzima, akafa.

Kuvu hilo si la ajabu. Linaota kwenye majani makavu, kwenye nafaka iliyolowa, kwenye mboji. Mimi na wewe tunavuta mbegu zake kila siku na mapafu yanazimaliza. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichunguza sampuli 20 za bangi kutoka maduka ya bangi ya kaskazini mwa California, wakakuta ndani yake bakteria na kuvu wa aina nyingi, Aspergillus akiwamo. Hiyo ni ya dukani. Ya kwetu inakaushwa juu ya turubai au chini ya uvungu, inashindiliwa kwenye viroba, inalala porini ikikwepa doria, kisha inafungwa kete kwenye gazeti. Pengine lenu. Wanaosema moto wa msokoto unaua kila kitu wasahau: moto uko ncha moja tu, na moshi unapita kwanza kwenye majani ambayo hayajaungua kabla haujafika kooni.

Mtoto wa miaka tisa havuti, mtasema. Lakini nimeshasikia mtaani kwetu majani yakichemshwa na kupewa watoto kama chai ya mchaichai, na nimeshaona mjomba akivuta ubarazani huku mgonjwa kalala chumba cha mbele. Na matone nayo yana yake. Baada ya kupandikizwa, mtoto hunywa kwa miezi mingi dawa za kuzuia seli za mchangiaji zisiushambulie mwili wake mpya, kama siklosporini au takrolimasi. Dozi zake hupimwa kwa damu, kwa sababu ikizidi inaua figo na ikipungua seli za dada zinamgeuka. CBD inavuruga vimeng'enya vya ini vinavyozivunja dawa hizi. Mwaka 2019 iliripotiwa Marekani habari ya mgonjwa ambaye kiwango chake cha takrolimasi kilipanda kiasi cha mara tatu alipotumia CBD ya hospitali, iliyopimwa. Mtu wa maabara akiona kiwango kama hicho kwenye damu ya mtoto bila kujua kuna chupa ya kahawia nyumbani, atadhani mashine imeharibika. Daktari atapunguza dozi. Chupa ikiisha, kiwango kitaporomoka. Hapo ndipo balaa huanza.

Nataka niwe mkweli upande wa pili pia, kwa kuwa sina ugomvi na mmea. Kanabidioli iliyotengenezwa kiwandani iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa aina mbili nzito za kifafa cha watoto, na wazazi wengi wanaishukuru. Mwaka 2015 madaktari wa Israel waliripoti kwamba wagonjwa 48 wa kupandikizwa walipewa miligramu 300 za CBD kila siku kuanzia wiki moja kabla, na hakuna aliyepata yale mashambulizi ya haraka ya seli za mchangiaji kwa muda wote alipokuwa akiinywa. Ni matokeo mazuri. Walilinganishwa na wagonjwa wa zamani, si na kundi lililogawanywa kwa kura wakati huohuo, kwa hiyo ni mwanzo tu. Lakini angalieni lilifanyika wapi: hospitalini, kwa dozi inayojulikana, damu ikipimwa. Hata kuhusu maumivu ya selimundu, San Francisco walijaribu kwa watu wazima 23, jaribio la haki kabisa ambalo mgonjwa alivuta mvuke bila kujua ni wa bangi halisi au wa kuigiza, likachapishwa 2020. Tofauti ya maumivu haikutosha kusema imethibitika. Kama siku moja itathibitika, nitakuwa wa kwanza kuwaandikia.

Nilichomwambia binti yetu ni kwamba asimwage ile chupa. Aifunge, aende nayo kliniki, amwoneshe daktari. Akanijibu, "Mama mdogo, unataka nifungwe?" Na hapo, Mhariri, ndipo penye kiini cha barua yangu. Wazazi hawa hawanyamazi kwa ujinga. Wanaogopa. Bangi ni kosa la jinai Tanzania, Mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya inafyeka mashamba na kuonyesha picha, na hakuna anayemhakikishia mama kwamba neno atakalomwambia daktari litabaki kwenye faili. Kwa hiyo anaapa kwamba mtoto hanywi chochote zaidi ya uji na asidi ya foliki.

Fikirieni gharama yake. Watoto wa selimundu wako hatarini kupata kiharusi. Mtoto akiletwa usiku amelegea, hasemi vizuri, hajibu akiitwa, daktari wa zamu anawaza kiharusi na anakimbilia kumbadilisha damu. THC kwa mtoto nayo inalegeza hivyohivyo, na ikizidi mtoto hulala fofofo na pumzi kupungua. Yule mama aliyesimama kando ya kitanda anajua kilichomo kwenye chupa, na hasemi.

Binti yetu hatimaye alikwenda. Daktari aliitazama chupa, akamuuliza kaanza lini na kampa matone mangapi (alikuwa hajaanza), akaandika kwenye faili na kumwambia asimpe. Hakupiga simu popote. Akamuuliza kama nyumbani kuna anayevuta. Mjomba aliondolewa ubarazani siku ileile.

Naomba mambo mawili. Kliniki za selimundu na za kupandikiza uloto ziwe na swali hili kwenye fomu zao, kwa Kiswahili cha kawaida, liulizwe kwa kila mzazi pasipo kumkazia macho: kuna mafuta, matone, chai au moshi wa bangi nyumbani? Na juu ya swali waandike kwamba jibu ni la matibabu. Wizara ikitoa waraka mfupi wa kuwahakikishia wazazi na madaktari jambo hilo, swali litapata majibu ya kweli.

La pili ni lenu. Chapeni sahihisho linalosema seli zilizokua zilikuwa za panya, kwenye sahani na kwa kemikali za maabara, na kwamba mgonjwa wa selimundu hapungukiwi seli shina. Liwekwe ukurasa uleule, siku ileile ya Jumamosi, kwa herufi za ukubwa uleule, ili nalo lipigwe picha na kuingia kwenye makundi ya wazazi. Jani mnaweza kuliacha.

Mtaalamu mstaafu wa maabara,
Kihonda, Morogoro
(Jina na namba ya simu anavyo mhariri)